Phantom ya 1/72 iliyotolewa upya: namna ninavyoikagua kabla ya kugusa gundi

Mkuu, umeuliza kama hiyo seti ya plastiki ya kujengea modeli ya ndege ya kivita F-4J Phantom, kipimo cha 1/72 (mara 72 ndogo kuliko ndege halisi), iliyotolewa upya inafaa kuchukuliwa. Sanduku linang'aa, stika ni mpya, na mdau mmoja hapo juu kakwambia achana nayo kwa sababu mistari ya maungio ya mabati imeinuka juu ya plastiki badala ya kuchimbwa ndani. Naomba nimpinge kidogo. Mistari iliyoinuka naiangalia mwisho kabisa. Kwanza naangalia kama plastiki iliyomo ndani ndiyo ndege iliyochorwa nje, kisha umbo. Hayo mawili yakiwa sawa, mengine yote ni kazi ya msasa na uvumilivu.

Hilo la kwanza lilinikuta mwenyewe. Nilichukua seti iliyotolewa upya, kampuni nitaiacha bila jina, imeandikwa F-4J kwa herufi kubwa, picha ya ndege ya jeshi la majini la Marekani ikiwa inaruka juu ya manowari. Nilikuwa na hamu, sikukagua kitu. Usiku uleule nikakata, nikaunganisha kiwiliwili na mabawa. Kesho yake nashika nozeli za injini naona ni fupi. Nikafungua kitabu cha picha, nikatazama bawa, nikatazama pua. Mkuu, nilikuwa nimejenga F-4B, toleo la awali la Phantom. Walichobadilisha ni stika, karatasi ya maelekezo na picha ya sanduku. Plastiki ilikuwa ileile waliyoitoa miaka mingi nyuma kwa jina la F-4B.

Kwa macho ya haraka ndege hizi mbili ni mapacha, ndiyo maana mchezo huu unapita. Lakini F-4B ilikuwa na magurudumu makuu membamba, kwa hiyo sehemu ya juu ya bawa karibu na kiwiliwili ni tambarare. F-4J ilipewa magurudumu mapana zaidi, hayakuenea ndani ya bawa, ikabidi bati la juu livimbishwe kidogo. Ukiinamisha fremu inayoshikilia vipande kwenye mwanga wa taa wa pembeni, kivimbe hicho utakiona kama kipo. Injini nazo zilibadilika: zote ni za aina ya J79, ila zile za F-4J ni toleo jipya lenye nozeli ndefu zaidi kwa nyuma. Chini ya pua ya F-4B kuna kidude cha kihisi cha joto kinachoning'inia kama kidevu, na F-4J haina. Mkia wa mlalo wa F-4J una mwanya kwenye ukingo wa mbele, ila huo usiutegemee peke yake, kwa sababu F-4B nyingi zilikuja kufungwa mikia ya namna hiyo baadaye. Mimi nashika vitu vitatu tu: kivimbe, nozeli, kidevu.

Na kama seti ingekuwa imeandikwa F-4E, ningetafuta pua ndefu yenye mzinga wa milimita 20 chini yake. Ingekuwa ya Waingereza, ningetazama kiwiliwili chenyewe, maana wao waliweka injini za Rolls-Royce Spey, na matundu ya kuvuta hewa pamoja na sehemu ya nyuma vikalazimika kupanuliwa. Ukikuta nembo za Uingereza kwenye Phantom yenye kiwiliwili cha kawaida cha J79, jiulize maswali. (Zipo chache zilizo halali. Miaka ya 1980 Uingereza ilinunua F-4J zilizotumika kutoka Marekani, na hizo zilibaki na J79. Phantom haikosi mtego.)

Tuje kwenye umbo. Chukua rula. Upana wa mabawa ya Phantom ni mita 11.7, gawanya kwa 72 unapata milimita 162 na nusu. Ukipima na kukuta 161 au 163, sahau, hakuna jicho litakaloona. Ukikuta 158, hiyo ni zaidi ya sentimita 30 zilizopotea kwenye ndege halisi, na mara nyingi hazipotei sawasawa. Zinapotea mahali pamoja, labda kwenye ncha za mabawa, na ndege nzima inaonekana kama imevaa nguo ya mdogo wake.

Lakini kipimo cha rula hakitoshi, maana sura ya Phantom iko kwenye pembe zake. Sehemu ya nje ya bawa imepinda juu digrii 12. Majaribio ya handaki la upepo yalionyesha kuwa ndege inahitaji mabawa yainuke digrii 5 ili itulie. Wahandisi wa McDonnell, kampuni iliyounda Phantom, hawakutaka kusanifu upya sehemu ya kati ya titani, wakainua ncha za nje peke yake kiasi kwamba wastani ukawa huo. Mkia wa mlalo unashuka karibu digrii 23. Mimi hukata kadi mbili, moja ya digrii 12 na nyingine ya 23, nikaziweka kwenye sanduku la zana. Naunganisha vipande kwa utepe bila gundi, naigeuza ndege initazame kwa pua, naegesha kadi. Seti nyingi za zamani mkia huu unalegea kwenye tundu lake na kukaa digrii 18 au 20, na Phantom yenye mkia ulionyooka inapoteza ule ukali wake wote. Hilo linatibika, lakini lazima ulijue kabla gundi haijakauka.

Pua na kioo cha rubani nalinganisha na picha. Tahadhari moja: usilinganishe na picha iliyopigwa kwa karibu, kwa sababu lenzi inavimbisha kilicho mbele na utaituhumu seti bure. Tafuta picha iliyopigwa kwa mbali, ubavu kamili, kisha ipige picha modeli yako vilevile, rudi nyuma na uvute kwa zumu. Nimeshuhudia watu wakibishana kurasa sita kuhusu pua "iliyonenepa", kumbe tatizo ni simu.

Umbo likiwa baya, sijui dawa yake. Puti inaweza kujaza, msasa unaweza kupunguza, lakini kiwiliwili kilichochongwa vibaya toka mwanzo kitabaki hivyo. Na si kila kalibu ya zamani (umbo la chuma linalosukumiwa plastiki kutengeneza vipande) ilichongwa kutoka kwenye vipimo. Kampuni ya modeli ya Testors ilitoa "F-19" mwaka 1986, ndege ya kujificha rada ambayo hakuna mtu wa nje aliyekuwa ameiona. Mwaka 1988 Marekani ilipoonyesha F-117 hadharani, ilikuwa na pembepembe kama almasi wakati ile ya plastiki ilikuwa laini na ya mviringo. Mimi ninayo moja na sitaiuza, lakini ni kisa cha namna kalibu inavyoweza kuzaliwa kutokana na kubahatisha. Ndege za Kisovieti ndizo ziliteseka zaidi. MiG-29 kwa mfano ilionwa kwa karibu na watu wa Magharibi ilipozuru Finland mwaka 1986, kwa hiyo seti yoyote iliyochongwa kabla ya hapo ilichongwa kwa picha za ukungu. Phantom haina kisingizio hicho. Iliruka mara ya kwanza Mei 1958, zikatengenezwa zaidi ya 5,000, na makumbusho mengi yanazo. Ikiwa na umbo baya, basi ni uvivu.

Sasa utajuaje umri wa kalibu? Tazama ndani ya bawa au chini ya mkia wa mlalo. Mara nyingi kuna mwaka uliochongwa, au sehemu iliyokwanguliwa ambako mwaka ulikuwa. Ukiikuta imekwanguliwa ujue kalibu imehama mikono. Ni jambo la kawaida katika biashara hii: kampuni za modeli za Revell na Monogram ziliunganishwa mwaka 1986, na kalibu za kampuni nyingine, Matchbox, za miaka ya 1970 zilikuja kutoka tena ndani ya masanduku ya Revell. Tovuti ya Scalemates inaonyesha ukoo wa seti nyingi, nani aliitoa lini na kwa jina gani. Dakika tano pale zingeniokoa na ile F-4J yangu ya uongo.

Uzee wenyewe si kosa. Kalibu ni chuma, inasukumiwa plastiki ya moto kwa shinikizo kubwa mara maelfu, kingo zinalika. Dalili yake ni zile ndevu nyembamba za plastiki pembezoni mwa vipande, hasa vidogo kama miguu ya magurudumu na milango yake. Ndevu hukwanguliwa kwa kisu. Kinachonisumbua zaidi ni kalibu zilizosogea, pale nusu mbili zinapokosa kukutana vizuri na kipande cha mviringo kinatoka na ngazi katikati. Kombora lenye ngazi ni rahisi kulitupa na kuweka lingine. Mguu wa gurudumu wenye ngazi utakuchosha. Angalia pia vishimo ambako plastiki imebonyea kwenye sehemu nene, kama shina la bawa.

Matundu ya hewa ya Phantom ni makubwa, na seti za zamani hazina mfereji ndani yake, unachungulia unaona utupu wa kiwiliwili hadi nyuma. Wengine hufunga kwa vifuniko vyekundu kama ndege iliyoegeshwa. Mimi hupaka ndani rangi nyeusi na kuweka ukuta wa kadi; inatosha.

Mistari, basi, kwa ajili ya yule mdau. Mtaro wa milimita 0.3 kwenye 1/72 ni sawa na mfereji wa zaidi ya sentimita 2 kwenye ndege halisi. Seti mpya nyingi "sahihi" zina mitaro ambayo fundi wa ndege angeingiza kidole. Mistari myembamba iliyoinuka, ukiisugua kwa msasa laini mpaka ibaki kivuli chake, chini ya rangi ya kijivu inapendeza kuliko hiyo mitaro. Ubaya wake ni kwamba rangi ya majimaji ya kutia uchafu haikai humo, inabidi utumie brashi kavu. Ukitaka kuchimba upya, tumia sindano na ule utepe mgumu wa lebo kama mwongozo, na ichimbe kabla hujaisugua iliyoinuka, maana ndiyo ramani yako.

Stika mpya karibu siku zote ndizo sehemu bora ya toleo jipya, sina la kuongeza. Za zamani zilizogeuka manjano zibandike kwenye dirisha lenye jua siku kadhaa, zitarudi.

Tupia hapa picha tatu: fremu yenye bawa la juu chini ya mwanga wa pembeni, nozeli, na pua kwa chini. Kivimbe kikiwepo na nozeli zikiwa ndefu, ichukue, mistari tutasaidiana. Ukikuta kidevu, bado ichukue kama bei inakuruhusu, ila kwenye kibao chake andika F-4B na utafute stika za F-4B. Yangu ndivyo ilivyo, na imekaa rafuni ikiwa na mkia wa digrii 23 kamili.