Picha Isiyo na Maelezo Haimtetei Mtu

Wiki hii msomaji mmoja kijana ameniandikia kwa uchungu. Anazo picha zaidi ya 2,000 za watu waliobomolewa nyumba, kazi ya miezi mingi. Alizipeleka kwa wakili anayewatetea watu hao. Wakili akazitazama kwa dakika chache, akamuuliza: huyu ni nani? Hapa ni wapi? Ilikuwa siku gani? Kijana akakosa jibu la uhakika, na sasa ananiuliza anunue kamera gani ili picha zake zithaminiwe.

Ndugu yangu, usinunue kamera. Uliyo nayo inatosha. Ulichokosa ni daftari na kalamu, na hili nitalieleza kwa kirefu, maana inaniuma kuona vijana wenye jicho zuri na moyo wa haki wakipoteza kazi kubwa kwa kosa hili hili.

Mtazame mpiga picha Lewis Hine. Kuanzia mwaka 1908 alifanya kazi na kamati ya kitaifa iliyopinga ajira ya watoto nchini Marekani, akizunguka kwenye viwanda vya pamba na migodi ya makaa ya mawe. Wenye viwanda hawakutaka kumwona, kwa hiyo aliingia kwa kujifanya mkaguzi wa moto, au muuza Biblia. Kamera yake ilikuwa sanduku zito, na mwanga wa ndani aliupata kwa kulipua unga wa magnesi. Lakini kazi yenyewe ilikuwa mfukoni. Aliandika kwa kificho, mkono ukiwa ndani ya koti: jina la mtoto, umri, amefanya kazi muda gani. Kimo alikipata kwa vifungo vya kizibao chake. Alijua kila kifungo kiko juu kiasi gani kutoka sakafuni, basi mtoto akisimama karibu naye alitazama tu kichwa kimefika kifungo cha ngapi. Ndiyo maana picha yake ya msichana mdogo aliyesimama kando ya safu ndefu ya mashine za kusokota nyuzi ina maelezo haya: kimo inchi 48, amefanya kazi nusu mwaka, Lancaster, South Carolina, 30 Novemba 1908. Inchi 48 ni sentimita 122. Msimamizi aseme atakavyo kuhusu umri wa mtoto huyo, kipimo kipo.

Na kumbuka ilichukua muda gani. Sheria ya shirikisho ya kuzuia kazi za watoto ilipitishwa mwaka 1916, Mahakama ya Juu ikaifuta mwaka 1918, na iliyodumu ikaja mwaka 1938. Ni miaka 30 tangu safari zake zianze. Picha ambayo maelezo yake yamo kichwani mwa mpigaji peke yake haiwezi kungoja miaka 30.

Sasa kazi yenyewe. Kila siku kabla hujapiga picha ya kwanza, ipige picha saa ya simu yako kwa kamera yako, ile saa inayojirekebisha kwa mtandao. Saa ya kamera huchelewa au hukimbia kidogo kidogo, na betri ikikaa nje muda mrefu tarehe inaweza kurudi mwaka wa kiwandani. Ukiwa na ile picha moja ya saa ya simu, tofauti unaihesabu na kusahihisha siku nzima. Usipokuwa nayo, upande wa pili utaonyesha kwamba kamera yako inasema mwaka mwingine kabisa, na hapo kila kitu chako kitatiliwa shaka.

Kisha piga kwa mpangilio kila mahali. Anza mbali, tukio lionekane pamoja na kitu kisichohama: mnara, makutano ya barabara, mti mkubwa, kibao cha jina la mtaa. Sogea, piga watu na wanachokifanya. Sogea tena, piga kitu chenyewe, ufa ukutani au kidonda mkononi, mara moja peke yake na mara moja kikiwa na rula pembeni. Bila kipimo, ufa wa milimita 3 na wa sentimita 3 hufanana. Tumia lenzi ya milimita 28 hadi 35, au ile ya kawaida ya simu. Lenzi ndefu, ile ya kuvuta vitu vya mbali, hubana umbali, watu 40 waliotawanyika wakaonekana umati uliosongamana. Wapo wanaoipenda kwa sababu hiyo hiyo. Mimi naona ni kusema uongo bila kufungua mdomo.

Maelezo yaandike siku ile ile, kabla ya kulala. Nambari ya faili, majina kutoka kushoto kwenda kulia, na tahajia umeihakiki na wenyewe, mahali hadi jina la mtaa, tarehe na saa, kinachotendeka, na nani amekuambia. Hilo la mwisho wengi huliruka. Andika "nyumba imebomoka" kama ndicho ulichokiona. Kama hukuwepo ikibomolewa, andika "kwa maelezo ya mkazi, ilibomolewa juzi usiku". Ukichanganya ulichokiona na ulichosikia, sentensi moja ikiangushwa zote zinaanguka nayo.

Usisogeze kitu. Mwaka 1936 Arthur Rothstein, akipiga picha za ukame kwa ajili ya serikali ya Marekani, alilihamisha fuvu la ng'ombe hatua chache apate mandhari bora. Ukame ulikuwa wa kweli na mifugo ilikuwa inakufa kweli. Lakini ulikuwa mwaka wa uchaguzi, magazeti ya upinzani yakaligundua fuvu lile, na mjadala ukahama kutoka kwenye njaa ukaenda kwenye fuvu. Hicho ndicho unachompa mkosaji ukisogeza hata kiatu cha mtoto.

Kuhusu watu, nitasema wazi kwa sababu hapa tunakosea kwa kiburi. Dorothea Lange alimpiga picha mama mmoja kwenye kambi ya vibarua wa mashamba, Nipomo, California, Machi 1936. Picha ikajulikana dunia nzima, lakini jina hakuuliza. Mama huyo, Florence Owens Thompson, alijulikana kwa jina mwaka 1978 tu, na alisema wazi kwamba picha ile haikumpa hata senti moja. Na Soweto, Afrika Kusini, tarehe 16 Juni 1976, mpiga picha Sam Nzima alimpiga picha Mbuyisa Makhubo akiwa amembeba Hector Pieterson aliyepigwa risasi na polisi. Nzima aliificha filamu kwenye soksi, na dunia ikaona. Lakini Makhubo alianza kuandamwa, akaikimbia nchi, na hadi leo haijulikani aliko. Hakuwa amefanya kosa lolote ila kumbeba mtoto.

Kwa hiyo mweleze mtu kabla ya kutoa picha: itaonwa na usiowajua, pengine na mwajiri wako, pengine na polisi, na haitafutika. Rekodi ridhaa yake kwa sauti, sekunde 30 zinatosha, na umwachie namba yako. Akiogopa, mpige akiwa na dirisha nyuma yake abaki kivuli. Ukungu wa kidijitali wa kufifisha uso usiutegemee, mwingine huweza kuondolewa kwa programu. Funika uso kwa boksi jeusi tii, uhifadhi kama faili jipya. Angalia pia pete, kovu, shati la kazi na ukuta wa nyuma, maana majirani humtambua mtu kwa hivyo. Taarifa za mahali zilizomo ndani ya faili ziondoe kwenye nakala ya kuchapisha, lakini kwenye faili asilia ziache.

Faili asilia usiliguse kamwe. Tengeneza nakala tatu kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikae jengo jingine. Siku ile ile pata alama ya SHA-256 ya kila faili, yaani mfuatano wa herufi na tarakimu ambao programu huukokotoa kutoka kwenye faili lenyewe, uiweke kwenye kumbukumbu zako. Faili likibadilika hata kidogo, alama inakuwa nyingine kabisa. Usifute picha mbovu, kwa sababu nambari zikiruka utaulizwa ulichoficha. WhatsApp ikituma picha kama picha huipunguza na kuziondoa taarifa zake za ndani, kama tarehe na mahali, hivyo itume kama dokumenti.

Sasa wewe mwenye picha 2,000. Chagua 150, zichapishe ndogo, uandike nambari nyuma kwa penseli. Nenda nazo kwa wale watu, kaa na familia moja moja, umuulize kila mtu peke yake: nani huyu, hapa wapi, siku gani? Wawili wakikupa jibu moja bila mmoja kusikia la mwenzake, liandike pamoja na majina yao na tarehe uliyoelezwa. Wakitofautiana, andika yote mawili. Anza na zile zenye watoto na wazee, maana wa kwanza hubadilika sura upesi, na wa pili hawatakungoja.