Mkia wa Bakteria: Ulisanifiwa au Uligeuka?

SWALI: Mhariri, katika mjadala wetu hapa Kisauni mwenzangu alidai kwamba mkia unaozunguka wa bakteria hauwezi kuwa zao la mageuko, kwa kuwa ukiondolewa kiungo kimoja tu haufanyi kazi. Je, hoja hiyo ina mashiko? — Mwalimu wa sekondari, Mombasa

JIBU: Mwalimu, hoja hiyo ilienezwa mwaka 1996 na Michael Behe, mwanabiokemia wa Marekani, na kusema kweli mkia wenyewe unastaajabisha: kwenye utando wa seli kuna mota ya protini inayozungushwa na protoni (chembe ndogo zenye chaji chanya) zinazopenya kuingia ndani. Hata hivyo, bakteria wa tauni, ambaye haogelei kabisa, ana kifaa cha kudungia protini katika seli za mwenyeji wake, na protini kadhaa za kifaa hicho zinafanana na zile za kitako cha mkia. Hilo halithibitishi kwamba mkia ulitokana na sindano hiyo (huenda ikawa kinyume chake), bali linaonyesha kwamba baadhi ya viungo hivyo vyaweza kuwa na kazi nyingine kabisa, na hapo ndipo dai la mwenzako linapolegea.

Isitoshe, uwezo mpya waweza kuzuka: Richard Lenski, mwanabiolojia wa Marekani, alianza kukuza makundi 12 ya E. coli (bakteria wa utumbo) mwaka 1988, na baada ya vizazi zaidi ya 30,000 kundi moja likapata uwezo wa kula sitrati (chumvi ya asidi ya limau) penye oksijeni, jambo ambalo E. coli kwa kawaida hawawezi.

Kumwamini Muumba ni suala jingine, ambalo maabara haiwezi kulipima. Mathalani, Kenneth Miller, mwanabiolojia Mkatoliki, alitoa ushahidi dhidi ya hoja ya Behe mahakamani Pennsylvania, Marekani, mwaka 2005.