Jibu: wimbo “I'm Good” ni rimiksi ya wimbo “Blue”, au Guetta kaiba?

Ndugu yangu, si wizi, na rimiksi pia si neno lake. Rimiksi huchukua rekodi ileile na kuivisha midundo mipya. Hapa DJ David Guetta na mwimbaji Bebe Rexha wamechukua mahadhi ya “Blue (Da Ba Dee)” ya Eiffel 65, wale Waitaliano wa Torino, wakayatungia maneno mapya. Watunzi wa mwanzo wametajwa kwenye orodha ya watunzi, kwa hiyo mgao wao wanaupata.

Ukitaka kuhakikisha, sikiliza kiitikio. Pale Rexha anapoimba “I'm good”, weka “I'm blue” kichwani. Inakaa palepale, noti kwa noti. Kile kinanda cha mwanzo nacho kipo, ila besi ni nzito zaidi. Kilichopotea ni ile sauti ya Jeffrey Jey, mwimbaji wa Eiffel 65, iliyopitishwa kwenye mashine mpaka ikawa kama ya roboti, na huzuni yake yote. Jamaa wa wimbo wa zamani alikuwa mpweke, huyu wa wimbo mpya yuko klabu anakesha. Mimi bado nampenda yule mpweke.

Halafu wengi hudhani “I'm Good” ulitengenezwa 2022. Hapana, Guetta aliupiga kwenye tamasha la Ultra kule Miami mwaka 2017, ukabaki kabatini. Kipande chake kilipovuma TikTok ndipo wakautoa rasmi Agosti 2022, ukashika namba 1 Uingereza, kama “Blue” ilivyofanya 1999.