Usiiuze .303 ya baba mkwe

Ndugu yangu, umeuliza kama uiuze Lee-Enfield .303, bunduki ya zamani ya jeshi la Uingereza, uliyoachiwa na baba mkwe huko Ontario, kwa kuwa mbao zake za mbele zimekatwa na kitako kimejaa mikwaruzo. Usiiuze! Baada ya Vita vya Pili vya Dunia wawindaji wengi Kanada walizikata hivyo bunduki hizi za jeshi ziwe nyepesi porini, na Canadian Rangers, askari wa akiba wa maeneo ya mbali ya Kanada, walizitegemea kwa takriban miaka 70, kuanzia 1947. Kitako kipake mafuta ya kitani tu, usikipige msasa. Alama zile ni za mikono ya mzee. Ila kabla ya kufyatua hata risasi moja, fundi wa bunduki aikague bolti (komeo linalofunga risasi ndani) na chemba (sehemu ya mtutu inamokaa risasi). Ukitumia risasi kuukuu za jeshi, suuza mtutu kwa maji ya moto siku hiyohiyo, ukaushe, utie mafuta. Chumvi inayobaki kutoka kwenye fataki zake, yaani viwashio vilivyo kwenye kitako cha risasi, hula chuma.