Rafiki Anakuja Tena, na Mume Wangu Ameshakunja Uso

Shangazi, shikamoo. Mimi na mume wangu tuna watoto wawili, wa miaka 9 na 4. Rafiki yangu niliyesoma naye sekondari anakuja kukaa nasi siku tatu za wikendi ya sikukuu, kuanzia Jumamosi hadi Jumatatu, ili autembelee mji wetu. Alipokuja mara ya kwanza tulizunguka sote watano tangu asubuhi hadi usiku. Siku ya pili yule mdogo alilia barabarani mpaka wapita njia wakageuka kututazama, mume wangu hakusema neno hadi tulipofika nyumbani, na rafiki yangu akaanza kuniomba radhi kana kwamba yeye ndiye aliyekosea. Sasa amenitumia orodha ya mahali 11 anapotaka kupaona, na mume wangu anasema sikukuu hii anataka kupumzika. Nami natamani sana rafiki yangu aone kwamba maisha yameninyookea. Nifanyeje?

Marahaba, mwanangu. Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na kila mara jicho langu limetua kwenye ile sentensi ya karibu na mwisho. Hakuna aibu yoyote katika kutamani kwamba mtu anayejua ulikotoka aone pia ulipofika. Hata hivyo, tamaa hiyo ikiachiwa ipange ratiba, kila jengo na kila bustani huwa ushahidi wa mafanikio yako, na mtu anayekusanya ushahidi hathubutu kuacha hata mahali pamoja. Nadhani hivyo ndivyo mlivyojikuta mkizunguka mpaka usiku. Mume wako alijikaza kisabuni, rafiki yako akajihisi mzigo, na mtoto wa miaka 4, ambaye bado hajajifunza kuficha anachokisikia moyoni, akalia kwa niaba yenu nyote.

Usimwone kuwa mdekaji. Mwaka 1916 Mmarekani mmoja, Benjamin Ives Gilman, aliyekuwa katibu wa jumba la makumbusho ya sanaa mjini Boston, aliandika kuhusu uchovu wanaoupata watu ndani ya majumba ya namna hiyo, akaonyesha kwa picha jinsi mtazamaji anavyolazimika kuinama, kuchuchumaa na kupinda shingo ili aone vitu vilivyopangwa ndani ya makabati. Mtu aliyepigwa picha hizo alikuwa mtu mzima. Safari ijayo mtakapokuwa mbele ya kabati la vioo, chuchumaa mpaka macho yako yalingane na ya mwanao, kisha utazame: pengine utaona ubao wa kabati, mikoba na miguu ya wageni wengine, huku kile mnachokisifia kikiwa juu ya kichwa chake. Mtoto anayepitishwa katika vyumba kumi vya namna hiyo amechoka kwa haki kabisa.

Kuhusu orodha, usiikatae wala usiipokee yote. Mwombe rafiki yako akutajie mahali pawili ambapo akiondoka bila kupaona ataumia, kisha mpange kwenda mahali pamoja tu kwa siku, asubuhi, wakati miguu ingali na nguvu na foleni bado fupi. Kabla ya kupanga, hakikisheni kwamba mahali hapo patakuwa wazi, kwa sababu majumba mengi ya makumbusho hufungwa siku moja ya juma, mara nyingi Jumatatu, na siku za sikukuu saa za kufungua hubadilika, kama ambavyo mabasi na treni huweza kupungua. Yaliyobaki kwenye orodha anaweza kuyaendea peke yake akipenda. Ni mtu mzima, anaweza kusoma ramani. Mpe ufunguo wa nyumba, mwelekeze basi la kupanda, na usijione umemtupa.

Sasa nije kwa mume wako, maana hapa ndipo ninapokuhofia zaidi. Wanawake wengi wanaoniandikia hudhani wamempumzisha mume wanapotoka na mgeni na kumwachia watoto siku nzima. Kukaa na watoto wawili, mmoja wao wa miaka 4, ni kazi halali, na jioni ukirudi ukamkuta amenuna utasema hana shukrani. Kwa hiyo gaweni wikendi kwa haki. Jumamosi tokeni nyote, mwende mahali pamoja ambapo watoto wamepachagua kati ya pale pawili pa rafiki yako, na mwe mmerudi nyumbani kabla ya saa nane mchana, hata kama kila mtu bado anafurahi, na hasa kama kila mtu bado anafurahi. Jumapili yeye abaki na watoto nusu siku, ili wewe na rafiki yako mwende wawili tu. Jumatatu asubuhi ninyi wawili mwachukue watoto mahali penye uwanja wa kukimbilia, naye aachiwe nyumba tupu alale, asome au akae tu, bila kutumwa kitu.

Lakini usimpelekee mpango huu ukiwa umekamilika. Katika barua yako yote sikuona mahali uliposema kwamba alishirikishwa kabla ya rafiki yako kukubaliwa kuja, na huenda anaposema anataka kupumzika anakuambia, kwa lugha isiyo na ugomvi, kwamba sikukuu yake ilipangwa bila yeye. Anza kwa kumuuliza angependa siku hizo tatu ziweje, umsikilize mpaka mwisho, ndipo utaje nusu siku unayoiomba. Mzungumze pia habari za fedha, nani atalipa viingilio vya nani, kwa maana tiketi za watu watano huongezeka upesi, na mgeni mwenyewe hufarijika anapojua mapema atachangia nini.

Kisha mwandikie rafiki yako, leo ikiwezekana, kabla hajakata tiketi ya mahali popote. Kuomba kwake radhi safari ile kunanionyesha kwamba ana macho, na mtu wa namna hiyo ukimficha ukweli wa nyumba yako atakaa siku tatu akikisia. Unaweza kumwambia hivi: "Tunakusubiri kwa hamu. Safari iliyopita nilitaka uone kila kitu, tukachoka wote. Mara hii watoto watatoka nasi kwa muda mfupi, mume wangu atapumzika, na Jumapili asubuhi ni yetu sisi wawili. Chagua mahali pawili katika orodha yako, na kama kuna pengine unapotaka kwenda peke yako, nitakuelekeza njia." Asipojibu upesi usiingiwe na wasiwasi ukaanza kumwongezea mahali pa tatu na pa nne, mpe siku moja au mbili achague, na jibu lake likifika, lisome pamoja na mume wako.