Lamu Mashariki haitaokolewa na kelele

Kijana mmoja wa Faza ameniandikia: "Dada, tukijiandikisha kura kwa wingi, eneo bunge letu litabaki?" Anahofia Lamu Mashariki yetu, hapa Kenya, isifutwe mipaka ya maeneo bunge ikipitiwa upya. Swali hili nimeulizwa mno, basi leo nijibu mara moja.

Kadi ya kura chukua, ni haki yako chini ya kifungu cha 38 cha Katiba. Lakini mipaka huongozwa na kifungu cha 89, nacho hakiangalii wapiga kura. Kinahesabu wakazi, hata mtoto aliye mgongoni mwa mamake. Sensa ya 2019 ilipata watu 47,564,296. Gawa kwa maeneo bunge 290, ni kama 164,000. Eneo lenye watu wachache linaruhusiwa kupungukiwa hadi asilimia 40, yaani lisishuke chini ya 98,000 hivi. Lamu Mashariki walikuwa 22,258. Kaunti nzima 143,920! Hata ukimega Lamu Magharibi, eneo bunge letu jingine, ukaongeza huku, pande mbili haziwezi kufika zote. Mwaka 2012 tulipona kwa kuwa Katiba ilikataza eneo bunge lolote kupotea katika mapitio yale ya kwanza ya mipaka. Kinga hiyo ilikuwa ya mara moja.

Haya niliyasema mkutanoni, kikokotoo cha simu mkononi. Mzee mmoja ninayemheshimu akaniuliza nimenunuliwa kwa bei gani. Watu wakacheka. Bado inaniuma, sitaficha. Waliocheka ndio wanaonipigia usiku sasa niwaandikie barua kwa tume ya uchaguzi na mipaka (IEBC), nami nawaandikia. Hesabu yangu hakuna aliyeipangua hadi leo.

Kwa hiyo acheni kuimba "kiti cha mababu". Andikeni. Mkitaka viti viwili vibaki, hiyo ni kazi ya kubadili Katiba, mbaneni mbunge. Kwa tume pelekeni kile kifungu cha 89 kinachotaja: jiografia, njia za mawasiliano, uhusiano wa kihistoria na kiuchumi. Msiseme "tuko mbali". Semeni nauli ya boti ya Kiunga ni ngapi, kusi likichafuka abiria wanalala wapi, mgonjwa wa Basuba anapitia wapi. Andikeni, jamani! Maneno ya mdomo yanaishia kwenye viti vya plastiki.

Na sensa ijayo mhesabiwe nyumbani. Karani anakuandika ulipolala usiku ule. Vijana wetu wanalala Mombasa, kisha wanarudi kulalamika kwamba Lamu ni wachache. Hili linanikera kuliko yule mzee.

Msidanganywe na utulivu wa sasa. Mapitio hayapaswi kuzidi miaka 12 tangu yaliyotangulia, na muda huo ulipita Machi 2024, tume ikiwa haina makamishna. Walioapishwa Julai 2025 wamekuta kiporo. Mapitio yasipokamilika angalau miezi 12 kabla ya uchaguzi mkuu, mipaka mipya haitumiki katika uchaguzi huo, lakini haifutiki. Ikishatangazwa katika Gazeti Rasmi, mwenye pingamizi ana siku 30 za kufika Mahakama Kuu. Wakili wa kujitolea yuko Malindi, anayetaka namba yake aniandikie.