Jibu: Mwenye nyumba ataka nihame mkataba ukiisha Septemba

Dada, pole kwa wasiwasi. Umesema umepanga fleti Leicester, England, mkataba wa mwaka unaisha Septemba, na mwenye nyumba amekutumia meseji: ongeza kodi au uhame. Usifungashe kitu.

Tangu tarehe 1 Mei 2026, sheria mpya ya wapangaji ya England imefuta ile notisi ya kifungu cha 21, iliyomruhusu mwenye nyumba kukutoa bila sababu. Mkataba wako sasa hauna mwisho. Unaendelea mwezi kwa mwezi mpaka wewe utoe notisi ya miezi miwili, au yeye apate sababu inayotambuliwa na sheria. Akitaka kuuza au kuhamia mwenyewe, anakupa notisi ya miezi minne, na hawezi kukutoa kwa sababu hiyo ndani ya mwaka wako wa kwanza.

Kodi anaweza kupandisha mara moja tu kwa mwaka, kwa fomu rasmi na notisi ya miezi miwili. Meseji haihesabiki. Ukiona kiasi kimezidi bei ya soko, peleka suala hilo kwenye baraza linaloamua migogoro ya kodi (tribunal) kabla tarehe ya kodi mpya haijafika. Baraza haliwezi kukupangia zaidi ya alichoomba yeye.

Ila kodi ya sasa ilipe kwa wakati, tafadhali. Deni la miezi mitatu linampa njia ya kwenda mahakamani.

Na kwa wengine mnaosoma: ukipanga chumba ndani ya nyumba anayoishi mwenye nyumba, ulinzi huu haukuhusu. Scotland na Wales wana sheria zao.